Adabu Si Adhabu

Wahenga walisema kwamba mcha mwana kulia hulia yeye. Methali hii, pamoja na aya moja ya Kitabu cha Mithali iliyo katika sura ya 13, ndizo ngao mbili wanazozishika wale wote wanaokitetea kiboko katika shule zetu. Nimezisikia katika vikao vya wazazi, nimezisikia mimbarini, na katika miaka yangu ya utumishi nikiwa afisa utamaduni wa wilaya nimezisikia hata katika ofisi za elimu. Kila mara mtoto aumizwapo shuleni na watu wakaanza kunong'ona, hutokea mtu mzima, aghalabu Mkristo mwenzangu mwenye heshima zake, akasimama na kusema kwamba Biblia yenyewe imeagiza fimbo, wazee wetu waliitumia fimbo, na kwamba asiyeitaka fimbo ametuletea mambo ya Wazungu. Wasikilizaji huitikia, na mjadala ukafungwa.

Nia yangu katika makala haya ni kuufungua tena mjadala huo. Nami naomba nieleweke tangu mwanzo. Mimi ni Mkristo, mwana wa katekista, na ni mtumishi wa serikali. Kwa pande zote mbili nimefundishwa kuheshimu mamlaka, wala sioni haya kusema hivyo. Shule isiyo na nidhamu si shule, ni gulio. Mwalimu asiyeheshimiwa hawezi kufundisha, na mtoto asiyejua kutii leo hatajua kuongoza kesho. Basi sibishani na mamlaka. Nabishana na wale wanaodhani kwamba mamlaka hukaa katika ncha ya fimbo. Nasema kwamba kiboko si mwana wa Injili, wala si mwana wa mila zetu. Ni mgeni aliyeingia nyumbani kwa nguvu, akakaa mno, hata wenye nyumba tukamsahau asili yake na kumwita babu.

Na tuanze na jina lenyewe, maana jina ni shahidi asiyekula rushwa. Kiboko ni mnyama wa majini. Ngozi yake nene ilikatwa vipande virefu, ikakaushwa, ikawa mjeledi. Na mjeledi huo ukachukua jina la mnyama. Mjeledi huo ndio uliowasukuma watumwa na wapagazi katika njia za misafara, na ndio ulioshikwa na askari wa Mdachi katika kila boma la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Adhabu ya siku zile ilikuwa viboko 25, na Waswahili, ambao hawakosi jina la kila msiba, waliita hamsa ishirini. Mtu alipigwa hamsa ishirini kwa kuchelewa kazini, kwa kutotoa kodi, kwa kumjibu bwana shamba. Mashamba ya pamba ya kulazimishwa yaliyowachosha watu wa kusini hata wakanyanyuka katika Vita vya Majimaji, mwaka 1905 hadi 1907, yalilimwa chini ya kiboko hicho. Leo mwalimu wetu hushika kijiti cha mpera au bakora ya mwanzi, lakini hukiita kiboko. Na mtoto akitoka shuleni humwambia mama yake kwamba amepigwa viboko. Lugha imehifadhi kumbukumbu ambayo sisi wenyewe tumeipoteza.

Nasikia mtu akiniuliza: je, wamisionari nao hawakuchapa? Walichapa. Sitaki kuwasingizia wala kuwapamba. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 na kujenga makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na Waanglikana wa UMCA walipowafundisha watoto wa namna hiyohiyo pale Kiungani, Unguja, walifanya kazi ambayo nchi hii haiwezi kuisahau. Sisi tunaosoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi tunawadai shukrani. Lakini watu wale walitoka katika Ulaya ambayo shule zake zilitawaliwa kwa fimbo. Walifungasha Injili na desturi za kwao katika sanduku moja, na sisi tulipolifungua sanduku tulipokea vyote bila kuvipambanua. Waingereza waliikomesha fimbo katika shule zao za serikali kwa sheria ya mwaka 1986. Basi yule asemaye kwamba kuiacha fimbo ni kuiga Wazungu ameishika hoja kwa mkiani. Fimbo ya shuleni ndiyo tuliyoiiga. Wao wameshaitupa, na sisi tumebaki tumekumbatia mabaki yao tukiyaita urithi wetu.

Sasa tuingie katika Maandiko, kwa kuwa huko ndiko tunakoitwa. Sitaki kumdanganya msomaji. Zipo aya katika Mithali zinazotaja fimbo na kupiga, na mtu hawezi kuzifuta. Lakini Mkristo hasomi Biblia kama mtu achaguaye maembe sokoni, akaokota lililo tamu kwake na kuyaacha mengine. Yule anayeniamuru kuishika Mithali sura ya 13 neno kwa neno namwomba afungue Kumbukumbu la Torati, sura ya 21. Humo imeandikwa kwamba mwana mkaidi asiyewasikia wazazi wake apelekwe kwa wazee wa mji, apigwe mawe hata afe. Mbona hilo hatulitekelezi? Hatulitekelezi kwa sababu tunajua kwamba sheria ile ilikuwa ya watu wale, katika zama zile, na kwamba aliyekuja baadaye ametufundisha njia iliyo bora. Kama tunajua hivyo kwa mawe, mbona tunasahau kwa fimbo?

Tena, neno la Kiebrania lililotafsiriwa fimbo katika Mithali ni lile lile lililomo katika Zaburi ya 23, Zaburi ya mchungaji. Humo kondoo anaiona fimbo ya mchungaji wake, naye hakimbii wala hatetemeki, anafarijika. Kila aliyewahi kuchunga anajua kwa nini. Fimbo ya mchungaji humpiga fisi, humwonyesha kondoo njia, humzuia asitumbukie korongoni. Mchungaji awapigaye kondoo wake hata wakaumia, jioni atarudi zizini na mizoga. Na wazee wetu wa pwani walisema kwamba fimbo iliyo mkononi ndiyo iuayo nyoka. Walisema nyoka, hawakusema mwana.

Mithali yenyewe imenasibishwa kwa Mfalme Sulemani. Basi na tumtazame mwana aliyelelewa katika nyumba ya Sulemani. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 12, chatueleza habari za Rehoboamu. Watu walimjia wakimwomba awapunguzie mzigo. Wazee wakamshauri awatumikie watu kwa maneno mema, nao watakuwa wake siku zote. Vijana wenzake wakamshauri awaambie kwamba baba yake aliwapiga kwa mijeledi, bali yeye atawapiga kwa kitu kichungu zaidi. Akawasikiliza vijana. Siku ile ile makabila kumi yakamwacha, ufalme ukapasuka, wala haukuungwa tena. Hilo ndilo fundisho la Biblia juu ya mamlaka yanayotegemea mjeledi: huondoka na ufalme mkononi. Ajabu ni kwamba wahubiri wetu wanaikumbuka sana aya ya baba, na kisa cha mwana hawakitaji kabisa.

Na Bwana mwenyewe? Watu hunitajia kikoto cha kamba alichokisokota hekaluni. Ni kweli, alikisokota. Lakini aliwafukuza wafanya biashara waliougeuza mji wa sala kuwa soko. Mathayo, katika sura ya 21, anatueleza kwamba siku hizohizo za kusafishwa kwa hekalu watoto walikuwamo humo wakipiga kelele za kumsifu, na wakuu wa dini wakakasirika kwa kelele hizo. Walitaka wanyamazishwe. Yesu hakuwanyamazisha, aliwatetea mbele ya wakubwa. Basi kikoto cha hekaluni kiliwaelekea wakubwa waliofanya biashara, na watoto wenye kelele walipata wakili. Leo katika baadhi ya shule zetu mambo yamegeuzwa juu chini: watoto ndio wapigwao, na biashara ndiyo iachwayo iendelee.

Kisha usiku wa mwisho, yeye aliyekubali kuitwa Mwalimu na Bwana, akajifunga kitambaa kiunoni akawaosha wanafunzi wake miguu. Hakuyakana mamlaka yake. Alisema wazi kwamba wamwitapo hivyo wanasema vema. Lakini aliyaonyesha mamlaka kwa beseni la maji. Na Mtume Paulo, aliyewaagiza watoto wawatii wazazi wao, hakuimaliza sentensi bila ya kuwageukia mababa na kuwaonya wasiwachokoze watoto hata wakakata tamaa. Sisi tumeichukua nusu ya kwanza ya agizo, tukaibandika ukutani. Nusu ya pili tumeiacha kitabuni.

Mwenye kudhani kwamba mawazo haya ni ya jana tu na amtazame Augustino. Huyu ni Mwafrika, aliyezaliwa mwaka 354 katika mji wa Tagaste, ndani ya nchi tunayoiita leo Algeria, na ni mmoja wa walimu wakubwa wa Kanisa lote. Katika kitabu cha maungamo yake anasimulia kwamba alipokuwa mtoto mdogo, sala yake ya kwanza kwa Mungu ilikuwa kuomba asipigwe shuleni. Na wakubwa, wazazi wake wakiwamo, waliyacheka mapigo yale. Askofu huyo, mzee mwenye elimu yote ile, hakuisahau kamwe fedheha ya kuchekwa. Nami najiuliza: ni watoto wangapi wa nchi yetu ambao hivi sasa sala yao ya kwanza ya moyoni ni hiyo hiyo? Na ni imani gani tunayowapandia, ikiwa Mungu kwao ni yule waliyemwomba awaokoe na mwalimu, asiwaokoe?

Miaka mingi baadaye, padre Yohane Bosco wa Torino, Italia, aliyefariki mwaka 1888, aliwakusanya vijana wa mitaani, wezi na watukutu, wale ambao serikali ya huko iliwafunga jela. Aliwalea kwa kile alichokiita njia ya kuzuia: mlezi awepo kati ya vijana wake kabla ya kosa, ajue majina yao, acheze nao, atumie akili, dini na upendo, na adhabu ya kupiga aliikataa. Hakuwa mlegevu. Vijana wake walifanya kazi, walisali, walijifunza ufundi wa viatu, useremala na uchapaji vitabu. Watawa wa shirika lake wamefika hata Tanzania, na vyuo vyao vya ufundi vipo. Basi asiseme mtu kwamba Ukristo haujui njia nyingine. Unaijua sana, sisi ndio tuliochagua ile rahisi.

Sasa nirudi kwa wazee wetu, ambao nao wamevikwa kosa lisilo lao. Sitasema kwamba hawakuchapa. Mimi mwenyewe nilichapwa na baba yangu. Lakini malezi ya asili hayakusimama juu ya fimbo. Yalisimama juu ya watu wengi. Mkono mmoja haulei mwana. Mtoto alikuwa na baba wa kumkemea, mjomba wa kumsema faraghani, shangazi wa kumwuliza kinachomsumbua, na bibi ambaye mgongo wake ulikuwa kimbilio: mtoto akikimbilia nyuma ya bibi, mkono wa baba ulishuka. Kulikuwa na hadithi za jioni, vitendawili, nyimbo za jando na unyago zilizomfunza kijana mipaka ya utu. Mtoto aliona aibu kuliko alivyoona maumivu. Na methali waliyotuachia juu ya malezi inasema samaki mkunje angali mbichi. Kukunja si kuvunja. Mwenye kumkunja samaki hufanya hivyo taratibu, kwa viganja viwili, akimwangalia asipasuke. Wanaoinukuu methali hii huku wameshika bakora hawajawahi kukaa jikoni.

Mimi niliingia darasa la kwanza mwaka 1977, mwaka wa mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, uliotokana na Azimio la Musoma la mwaka 1974. Nchi ilifungua mlango kwa watoto wake wote, jambo kubwa ambalo sitalibeza kamwe. Tulikuwa wengi darasani, tulikaa chini, na walimu wetu wengine walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba juzi tu. Katika darasa la nne alikuwamo mwenzetu mmoja aliyekuwa hodari wa hesabu kutupita sote. Mama yake alikuwa mgonjwa, naye alianza siku kwa kuteka maji mbali. Kila siku alichelewa, na kila siku alichapwa mlangoni, mbele yetu. Hakuna aliyemwuliza kwa nini amechelewa. Siku moja aliinua mikono kuupokea mti, kisha akaishusha, akageuka, akaenda zake. Hakurudi tena. Mwalimu alituambia kwamba huyo ni mkaidi, na sisi tuliandika hesabu zetu kwa mwandiko mzuri sana siku ile, kwa kuogopa. Nilipokuwa mtu mzima niliwahi kukutana naye akivunja kokoto. Aliniuliza kama bado naandika mashairi. Sikuwa na la kumwambia. Taifa lilimpoteza mwana hesabu kwa sababu lilimpa mwalimu fimbo na halikumfunza kuuliza swali moja.

Ukubwani nilikwenda shule moja ya msingi pamoja na maafisa wa elimu katika ziara ya kikazi. Tuliomba kukiona kitabu cha adhabu. Kanuni zilizotolewa mwaka 2002 ziliweka kwamba viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au yule aliyempa idhini kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kitabu kililetwa kikiwa safi, hakina hata mstari mmoja. Nyuma ya kabati la ofisi hiyohiyo palikuwa na mzigo wa fimbo mbichi uliofungwa kwa ukambaa, kama kuni. Sote tuliuona. Tuliandika katika ripoti kwamba hali ya nidhamu ni nzuri. Nami niliitia saini yangu. Nalikiri jambo hili hapa kwa kuwa si haki kuwanyoshea wengine kidole nami nimejificha.

Kitabu kisipoandikwa, damu huandika. Mwaka 2016 taifa zima liliona kwa macho yake walimu wa mazoezi wakimshambulia mwanafunzi mmoja kwa ngumi na mateke katika shule ya sekondari jijini Mbeya. Mwezi Agosti 2018, mjini Bukoba, mtoto wa darasa la tano alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya kuiba mkoba. Hao si wanyama waliotoka msituni. Ni walimu, watu wa makabila na dini zetu. Aliyewafikisha pale ni yule aliyewaambia kwamba fimbo ni wajibu mtakatifu, asiwaambie ni wapi wajibu huo unakoma.

Najua majibu nitakayopewa. Nitaambiwa kwamba watoto wa siku hizi wameharibika, na kwamba Kenya walipoipiga marufuku fimbo mwaka 2001 wanafunzi wakaanza kuchoma mabweni. Lakini msiba wa Shule ya St. Kizito, huko Meru, ambako wavulana walivamia bweni la wasichana usiku na wasichana 19 wakafa, ulitokea mwaka 1991, miaka 10 kabla ya marufuku hiyo, wakati fimbo ikiwa halali kabisa. Fimbo haikuuzuia. Aliyezoezwa kwamba mwenye nguvu humpiga mnyonge hangoji kuwa mwalimu ndipo alitumie somo hilo.

Nitaambiwa pia kwamba kuikataza fimbo ni kuiingilia imani. Hoja hii imekwisha kupimwa mahakamani, na si Ulaya, bali Afrika. Shule za Kikristo za binafsi zipatazo 196 nchini Afrika ya Kusini zilikwenda Mahakama ya Katiba zikidai kwamba imani yao inawaruhusu kuchapa, ingawa sheria ya mwaka 1996 ilikwisha kuikataza adhabu hiyo. Mwaka 2000 mahakama iliwakatalia. Iliwaachia imani yao na sala zao na mafundisho yao. Ikakataa tu kwamba mwalimu ashike fimbo kwa niaba ya mzazi. Nchi ile ilijua mjeledi umefanya nini juu ya migongo ya watu weusi. Na sisi, wajukuu wa hamsa ishirini, je, tunajua kidogo kuliko wao?

Jibu la tatu ndilo lenye uzito, nalo silipuuzi. Mwalimu ataniambia: wewe unakaa ofisini na kalamu, mimi nina watoto 100 katika chumba kimoja, nifanye nini? Ndugu yangu mwalimu, una haki ya kulalamika. Ada zilipoondolewa katika shule za msingi mwaka 2001, na tena katika sekondari za chini mwaka 2016, watoto walimiminika, na hilo ni jema. Lakini madarasa na walimu hawakumiminika kwa kasi hiyohiyo. Sasa tambua kwamba fimbo hiyo uliyonayo ndiyo inayowafanya wakubwa wasiione shida yako. Darasa la watoto 100 walionyamaza kwa hofu, likitazamwa dirishani, hufanana na darasa lenye nidhamu. Kila unapochapa unalificha pengo ambalo serikali ingepaswa kuliziba. Weka fimbo chini, ili pengo lionekane.

Lipo jambo jingine ambalo kitabu cha utamaduni wa taifa hakiwezi kulinyamazia. Siku hizi zimekuwapo shule, na nyingine zina msalaba juu ya lango, ambazo nidhamu imekuwa bidhaa yao. Mzazi hulipa ada nono kwa kuwa ameahidiwa kwamba mtoto wake atanyooshwa. Na katika baadhi ya shule hizo kosa mojawapo la kuchapiwa ni kusema Kiswahili. Mtoto huvishwa kibao shingoni kwa kuitamka lugha ya mama yake, lugha ya bendera yake, na jioni akachapwa. Ngũgĩ wa Thiong'o alikwisha kutusimulia jinsi mambo hayo yalivyofanywa na wakoloni kwa watoto wa Kikuyu. Sisi tumepata uhuru, tukaunda baraza la kukikuza Kiswahili mwaka 1967, kisha twalipa fedha zetu ili wanetu wapigwe kwa kukisema. Kama kuna ushahidi zaidi kwamba kiboko ni mkoloni aliyekataa kwenda kwao, sijui ni upi.

Basi tufanye nini? Mwalimu Nyerere, ambaye alikuwa Mkristo na alifundisha Pugu kabla hajaifundisha nchi, aliandika mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea kwamba elimu imjengee kijana akili ya kuuliza, uwezo wa kujifunza kwa wengine, na kujiamini. Fimbo huyaua yote matatu. Aulizaye huchapwa kwa ufidhuli, ajifunzaye kwa mwenzake huchapwa kwa kuongea, na ajiaminiye huchapwa kwa kiburi. Nidhamu tunayoitaka huanza kwa mwalimu anayefika kabla ya kengele. Huendelea kwa kanuni chache zinazojulikana na kila mtoto na zinazowabana wote. Mtoto aliyevunja dirisha na asaidie kulitengeneza. Aliyemtukana mwenzake na amwombe radhi mbele ya waliosikia. Anayechelewa kila siku na aulizwe, na mzazi wake aitwe, na jibu lisikilizwe. Makanisa yenye shule na yawe ya kwanza kuifungia fimbo kabatini, bila kungoja sheria, maana wao wanasema wanatii sheria iliyo kubwa zaidi. Na serikali, mwajiri wangu, ione kwamba kanuni isiyofuatwa kwa miaka mingi hivi haifai kupunguzwa viboko tena, inafaa kufutwa.

Mimi ni mtunzi wa mashairi, na nimalize kwa la ufundi wangu. Nidhamu na nadhimu ni maneno ya shina moja, shina la kupanga vitu vikakaa mahali pake. Mtunzi hutii mizani na vina maisha yake yote, wala hakuna amchapaye. Hutii kwa kuwa amekwisha kuonja utamu wa mpangilio. Adabu nayo na adhabu hufanana kwa sauti tu, lakini si ndugu. Moja humtoka mtu ndani, nyingine humjia kutoka nje. Nawaachia walimu wa nchi yangu beti hili:

Mwalimu nakuusia, kiboko tupa jaani,
Mtoto ukimwendea, neno litue moyoni,
Adhabu inaishia, mwilini na mgongoni,
Adabu huendelea, hadi kesho uzeeni.